Namna ya Kuandaa na Kusimamia Mtaala wa Shule Unaomlenga Mwanafunzi

Walimu wanaokabidhiwa kwa mara ya kwanza kazi ya kuandaa mtaala wa shule huuliza maswali yaleyale. Tuanzie wapi? Tufuate kitabu cha kiada sura kwa sura, au tuandike upya kila kitu? Je, kumlenga mwanafunzi kuna maana kwamba mwanafunzi ndiye atakayechagua cha kusoma? Na baada ya kuandika, tutajuaje kwamba kinachofundishwa darasani ndicho kilichoandikwa? Mwongozo huu unayajibu maswali hayo kwa kufuata mpangilio wa kazi yenyewe, na umeandikwa kwa ajili ya mkuu wa shule, mwalimu wa taaluma, mkuu wa idara, na mwalimu yeyote aliyeingizwa kwenye kamati ya mtaala bila kuelezwa aanze na nini.

Jambo moja liwekwe wazi mapema. Mtaala unamlenga mwanafunzi pale ambapo maamuzi yake, yaani nini kifundishwe, kwa mpangilio gani, kwa muda gani na kwa mbinu gani, yanafanywa kwa kutazama kile ambacho mwanafunzi anakijua na anachoweza kukifanya. Kuwakalisha wanafunzi katika vikundi ni mbinu mojawapo tu. Darasa linaweza kukaa katika vikundi mwaka mzima, huku katika kila kikundi mwanafunzi mmoja akifanya kazi na wenzake watano wakimtazama, na hapo hakuna aliyelengwa. Vilevile, kumlenga mwanafunzi hakumwondolei mwalimu wajibu wa kuongoza. Kunamwongezea, kwa sababu sasa anatakiwa kumjua mwanafunzi wake vizuri kuliko zamani.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Mtaala wa taifa na mihutasari ya masomo, katika toleo linalotumika sasa. Mahali pengi shule haina mamlaka ya kubadili malengo ya kitaifa, lakini ina nafasi kubwa ya kuamua mfuatano, mkazo, mbinu, na upimaji wa ndani.
- Kalenda ya masomo na ratiba ya vipindi.
- Kazi halisi za wanafunzi: madaftari, karatasi za majibu, michoro, miradi. Orodha ya alama peke yake haitoshi.
- Orodha ya vifaa vilivyopo kweli, vikiwa vimehesabiwa na mtu aliyeviona.
- Timu ya watu 4 hadi 6, wakiwemo mwalimu wa madarasa ya chini, mwalimu wa madarasa ya juu, na mwalimu mwenye uzoefu wa wanafunzi wenye mahitaji maalumu. Timu ikizidi hapo, vikao hugeuka mikutano na kazi husimama.
- Muda usiopungua muhula mmoja kabla ya mtaala kuanza kutumika.

Nadharia utakayoihitaji ni ndogo. Mwaka 1949 Mmarekani Ralph Tyler alipendekeza kwamba kila anayepanga mtaala ajibu maswali manne: shule inakusudia kufikia malengo gani, wanafunzi wapitie uzoefu gani wa kujifunza ili wayafikie, uzoefu huo upangweje, na tutajuaje kwamba malengo yamefikiwa. Maswali hayo bado yanatosha. Hatua zilizo hapa chini zinayafuata kwa tofauti moja kubwa: swali la mwisho, lile la kujua kama malengo yamefikiwa, linajibiwa mapema, kabla ya kupanga shughuli yoyote ya darasani.

Hatua ya 1: Chunguza hali halisi ya wanafunzi

Keti na timu yako mkiwa na madaftari mezani. Chagueni somo moja na mada moja ambayo wanafunzi wengi hushindwa, kisha msome majibu yao moja baada ya jingine, mkitafuta mawazo yaliyoyazaa.

Chukua mada ya sehemu katika hisabati. Wanafunzi wameulizwa ipi ni kubwa kati ya 1/3 na 1/5. Mmoja ameandika 1/5, na akiulizwa sababu anasema 5 ni kubwa kuliko 3. Wa pili ameandika 1/3, jibu sahihi, lakini mchoro wake una mistatili miwili yenye urefu tofauti, ishara kwamba hajatambua kuwa ulinganisho unadai kitu kizima kilekile. Wa tatu amejibu hilo vizuri, ila katika swali linalofuata ameandika kwamba 1/2 + 1/3 = 2/5, kwa kujumlisha kiasi na kiasi (namba za juu), asili na asili (namba za chini). Wote watatu wanaweza kuwa wamepata alama 4 kati ya 10. Alama hizo zinawaweka pamoja, ilhali kila mmoja anahitaji msaada wa aina yake: wa kwanza arudishwe kwenye maana ya asili, wa pili kwenye dhana ya kitu kizima, na wa tatu aulizwe tu kama 2/5 ni kubwa au ndogo kuliko ile 1/2 aliyoanza nayo.

Andikeni makosa yanayojirudia katika ukurasa mmoja kwa kila somo. Ukurasa huo utaongoza maamuzi yote yanayofuata, kwa hiyo msiupite haraka. Ikiwezekana, wahojini wanafunzi wachache kwa mazungumzo mafupi: somo gani wanalielewa wakiwa peke yao, na ni wapi hupotea.

*Tahadhari:* Kosa la kawaida hapa ni kuwahoji wanafunzi hodari peke yao, kwa kuwa ndio wanaojieleza vizuri. Wachague hodari, wa wastani na wanaosuasua, na wale wakimya wasisahaulike.

Hatua ya 2: Andika matokeo machache yanayoonekana

Kwa kila mada, andika kile ambacho mwanafunzi ataweza kukifanya mwishoni. Tumia vitenzi vinavyoweza kushuhudiwa: kueleza, kulinganisha, kupima, kuchora, kutetea hoja, kutatua, kutunga. Sentensi kama «mwanafunzi aelewe sehemu» haimwambii mwalimu atazame nini. Badala yake andika: «mwanafunzi aweze kulinganisha sehemu mbili zenye asili tofauti na kueleza sababu ya jibu lake kwa maneno au kwa mchoro.»

Matokeo matatu hadi matano kwa mada moja yanatosha. Hapa ndipo kamati nyingi hushindwa, kwa sababu kila mwalimu anatetea kipande chake na hakuna anayetaka kufuta. Nadhani ujasiri wa kupunguza ndio sifa ya kwanza ya mwandaaji mzuri wa mtaala. Kila tokeo lisilo la lazima linanyang'anya muda wa lile ambalo mwanafunzi hawezi kuendelea bila kulijua.

Baada ya kuandika, pitia orodha ukitumia ngazi za kufikiri zilizotokana na kazi ya mwanasaikolojia wa elimu Benjamin Bloom na wenzake ya mwaka 1956, ambazo baada ya marekebisho ya mwaka 2001 ni kukumbuka, kuelewa, kutumia, kuchambua, kutathmini na kubuni. Ukigundua kwamba karibu matokeo yote yapo kwenye kukumbuka, mtaala wako utazaa wanafunzi wa kukariri hata kama mbinu za darasani ni shirikishi.

*Tahadhari:* Usizifanye ngazi hizo kuwa ngazi za kupanda kwa zamu, kana kwamba mtoto mdogo hana haki ya kuchambua mpaka amalize kukariri. Mtoto wa darasa la kwanza anaweza kulinganisha hadithi mbili na kusema ipi anaiamini na kwa nini.

Hatua ya 3: Amua ushahidi kabla ya kupanga shughuli

Kwa kila tokeo, jibu swali hili: mwanafunzi akifanya nini mbele yangu, nitasadiki kwamba ameweza? Tokeo likitaja kueleza, ushahidi uwe maelezo, ya mdomo au ya maandishi. Likitaja kupima, kuwe na kitu cha kupimwa. Shule nyingi huandika matokeo ya vitendo kisha zikayapima kwa maswali ya kuchagua herufi, na mwanafunzi, ambaye ni mwepesi wa kutambua kinachohesabika, huacha vitendo na kukariri herufi.

Panga aina mbili za upimaji. Upimaji endelevu hufanyika wakati somo linaendelea, na kazi yake ni kumsaidia mwalimu kubadili mwendo kabla hajachelewa: swali la dakika tatu mwishoni mwa kipindi, jibu lililoandikwa kwenye kipande cha karatasi, mwanafunzi kumweleza mwenzake huku mwalimu akisikiliza. Upimaji tamati huja mwisho wa mada au muhula. Kwa mitihani ya mwisho, andaa jedwali la utahini linaloonyesha kila mada itachukua maswali mangapi na ya ngazi gani, ili mada iliyofundishwa kwa vipindi 12 isipewe swali moja na ile ya vipindi 3 ikapewa matano.

Andika pia vigezo vya usahihishaji kwa lugha ambayo mwanafunzi mwenyewe ataielewa, na umpe kabla hajaanza kazi.

*Tahadhari:* Usitoe alama kwa kila zoezi. Alama ikitangulia, mwanafunzi hutazama alama na kuyaacha maelezo. Katika mazoezi ya kujifunza, maoni mafupi yanayomwonyesha hatua inayofuata yana faida zaidi.

Hatua ya 4: Panga mfuatano

Chora mada zote ukutani au kwenye karatasi kubwa, kisha unganisha kwa mshale kila mada na ile inayoitegemea. Asilimia hutegemea sehemu, na sehemu hutegemea kugawanya. Mara nyingi utagundua kwamba mpangilio wa kitabu cha kiada hauafikiani na mishale yako, au kwamba somo la sayansi linadai grafu miezi miwili kabla ya hisabati kuifundisha. Walimu wa masomo hayo wakae pamoja warekebishe tarehe.

Kisha panga marudio. Mwaka 1960 mwanasaikolojia Jerome Bruner alitoa hoja kwamba dhana kubwa zirudiwe mara kwa mara katika miaka ya masomo, kila mara kwa undani zaidi. Mapema zaidi, mwaka 1885, mwanasaikolojia Mjerumani Hermann Ebbinghaus alionyesha kwa majaribio aliyojifanyia mwenyewe kwamba usahaulifu huja kwa kasi mara tu baada ya kujifunza, kisha hupungua kasi. Kwa mpangaji wa mtaala, maana yake ni kwamba marudio yatawanywe: maswali machache ya mada ya wiki iliyopita, ya mwezi uliopita, na ya muhula uliopita, yaingizwe katika mazoezi ya kawaida. Wiki moja ya marudio kabla ya mtihani haifanyi kazi hiyo.

Hatua ya 5: Hesabu vipindi kwa uaminifu

Mitaala mingi huvunjika hapa, na huvunjika kimyakimya. Tuseme mwaka una wiki 36 za masomo na somo lina vipindi 5 kwa wiki, jumla 180. Ondoa wiki 4 za mitihani, yaani vipindi 20, na vipindi 12 vya sikukuu na shughuli za shule, vimebaki 148. Sasa weka akiba ya asilimia 15, karibu vipindi 22, kwa ajili ya kufundisha upya pale wanafunzi watakapokwama. Umebaki na vipindi 126. Kama una mada 14, wastani ni vipindi 9 kwa mada, lakini usivigawe sawasawa: mada ambazo ukurasa wako wa makosa umezitaja zipewe zaidi.

*Tahadhari:* Viongozi wa shule watatamani kuijaza ile akiba kwa mada za ziada. Ilinde. Mtaala usio na nafasi ya kurudi nyuma hauwezi kumlenga mwanafunzi, kwa kuwa unamtaka mwalimu aendelee hata anapoona kwamba darasa limebaki nyuma.

Hatua ya 6: Buni shughuli za kujifunza

Sasa ndipo mbinu zinapoingia. Kwa kila tokeo, chagua shughuli inayomfanya mwanafunzi atende jambo lilelile ambalo tokeo linalitaja. Kipindi cha dakika 40 kinaweza kwenda hivi: dakika 5 za swali linalofufua maarifa ya awali, dakika 10 za mwalimu kuonyesha mifano iliyofanyiwa kazi hatua kwa hatua, dakika 15 za wanafunzi kufanya wawiliwawili kisha mmojammoja, dakika 7 za kujadili majibu tofauti yaliyojitokeza, na dakika 3 za swali la kutokea, yaani swali fupi la kufunga kipindi. Mgawanyo huo si sheria.

Jambo linalostahili kusisitizwa ni kiasi cha uongozi. Mwanafunzi anayeanza mada mpya hujifunza vizuri zaidi akionyeshwa mifano kamili kuliko akiachwa agundue peke yake. Kadiri anavyopata uzoefu, ndivyo msaada unavyopaswa kupunguzwa, mpaka abaki na tatizo na akili yake. Mradi wa wiki tatu ni kazi nzuri sana mwishoni mwa mada, na ni mateso mwanzoni mwake.

Uchaguzi wa mwanafunzi nao uwe na mipaka inayoeleweka. Tokeo na vigezo viamuliwe na shule. Mwanafunzi achague, kwa mfano, ni kisa gani atakichunguza, au kama atawasilisha kwa insha, kwa bango au kwa maelezo ya mdomo, isipokuwa pale tokeo lenyewe linapodai namna moja mahususi.

Katika kazi za vikundi, kila mwanafunzi awe na jukumu lake na kila mmoja atoe kitu chake kinachosahihishwa. Wanafunzi wanne ni idadi inayofaa.

Hatua ya 7: Tengeneza njia kwa wanafunzi wanaotofautiana

Andika katika azimio la kazi lenyewe (mpango wa mwalimu wa mada atakazofundisha na lini), kwa kila mada, mambo mawili: msaada kwa anayekwama na changamoto kwa aliyemaliza mapema. Changamoto isiwe maswali kumi zaidi ya aina ileile, kwani hiyo ni adhabu kwa mwenye bidii. Kwa mwanafunzi mwenye uoni hafifu, usikivu hafifu au ugumu wa kusoma, amua mapema namna atakavyopata maelezo na namna atakavyoonyesha anachokijua.

Hatua ya 8: Jaribu kwa kiwango kidogo

Anza na madarasa mawili au somo moja kwa muhula mmoja. Mwalimu anayejaribu aandike pembeni mwa azimio lake kilichochukua muda mrefu kuliko ilivyopangwa, maagizo ambayo wanafunzi hawakuyaelewa, na vifaa vilivyokosekana. Rekebisheni, kisha mtaala ndio uende shule nzima.

Hatua ya 9: Simamia kila wiki

Mtaala uliohifadhiwa kabatini hausimamiwi. Kila idara iwe na kikao cha dakika 40 kwa wiki, chenye ajenda moja: kazi za wanafunzi. Kila mwalimu alete sampuli tatu, nzuri, ya wastani na dhaifu, na wote wajibu kwa pamoja: wanafunzi wameweza nini, wamekwama wapi, wiki ijayo tubadili nini. Uamuzi uandikwe katika mistari mitatu pamoja na jina la atakayeutekeleza. Matangazo, michango na nidhamu vipelekwe kwenye kikao kingine, maana vikiingia hapa vitakula muda wote.

Mkuu wa shule au mwalimu wa taaluma atembelee madarasa kwa ziara fupi za dakika 10 hadi 15, akae karibu na wanafunzi, na awaulize maswali mawili kwa sauti ya chini: unajifunza nini sasa, na utajuaje kwamba umeweza? Majibu yao yatamweleza mengi kuliko ukaguzi wa andalio la somo. Ziara hizo zisitumike kuwapa walimu alama, la sivyo wataanza kuigiza.

Mwishoni mwa mwaka, pitieni mtaala mzima kwa siku mbili. Futeni kabla ya kuongeza.

Matatizo yanayojitokeza mara kwa mara

*Walimu wanalalamika kwamba muda hautoshi.* Tazama kwanza idadi ya matokeo, kisha akiba. Iwapo vyote viko sawa, tafuta mada inayofundishwa mara mbili katika masomo mawili bila walimu kujua. Ipo katika shule nyingi.

*Walimu wamerudi kwenye kuandika ubaoni na wanafunzi kunakili.* Kwa kawaida hawajagoma, wamekosa mfano. Mwalimu mmoja afundishe huku wenzake wakitazama, kisha wajadiliane siku hiyohiyo.

*Darasa lina wanafunzi 80.* Usisahihishe yote. Tumia majibu yanayoonyeshwa kwa wakati mmoja, kwa mfano wanafunzi wote wainue vidole kuonyesha jibu la 1, 2 au 3, na kila wiki usome kwa kina madaftari ya safu mbili, ukizungusha mpaka uwafikie wote. Kazi ya wawiliwawili haihitaji kuhamisha madawati.

*Wanafunzi wanafanya vizuri darasani na vibaya kwenye mtihani.* Linganisha maswali ya mtihani na jedwali la utahini. Yakiwa yanapima jambo jingine, rekebisha mtihani. Yakiwa sawa, huenda msaada wa darasani haukupunguzwa, na mwanafunzi hajawahi kufanya kazi nzima akiwa peke yake.

*Wazazi wanasema watoto hawaandiki vya kutosha madaftarini.* Waonyeshe kazi mbili za mtoto wao, ya mwanzo wa muhula na ya sasa, pamoja na vigezo. Eleza kwa mifano, usitumie istilahi za ualimu.

*Mwalimu aliyebuni mada amehama na hakuna anayeweza kuiendeleza.* Hili huzuiwa mapema. Kila mada iwe na jalada moja lenye matokeo, vigezo, sampuli za kazi za wanafunzi, makosa ya kawaida na maelezo ya marekebisho, na lihifadhiwe na idara. Kama mwalimu ameshaondoka bila kuacha jalada, anzeni na madaftari ya wanafunzi wake: humo mtaona alichofundisha, kwa mpangilio gani, na mahali wanafunzi walipokwama.